Mbegu ya bure ya jirani: maswali yenu ya msimu huu

Masika yanakaribia na simu yangu hailali. Zaidi ya nusu ya ujumbe wenu unauliza kitu kimoja, magonjwa ya virusi kwenye mihogo, kwa hiyo naanza nacho tukimalize.

Bwana shamba, shikamoo. Mihogo yangu majani yamejikunja na yana mabaka ya njano. Nipulize dawa gani? (Muheza)

Marahaba. Hakuna. Hiyo ni batobato, na haina dawa.

Mbona rafiki yangu alipuliza dawa ya ukungu kwenye batobato na mihogo ikapona? (Kibaha)

Haikupona. Batobato ni virusi, na dawa ya ukungu haina habari na virusi. Mche wenye batobato huweza kutoa majani mawili matatu mazuri, hasa wakati wa joto kali, kisha ukarudi kulekule. Rafiki yako alinunua dawa wiki ambayo mche ungependeza hata angeupulizia maji ya kisima. Na aliyemuuzia anajua hivyo, maana naye ana shamba.

Nilinunua mbegu "inayostahimili ugonjwa". Majani safi, shamba zima linapendeza. Tumechimba, nusu ya mihogo ndani ina madoa ya kahawia na imekauka kama kizibo. Nimetapeliwa? (Mkuranga)

Pengine hukutapeliwa. Inastahimili ugonjwa upi? Hilo hukuuliza, na aliyekuuzia hakulisema kwa sababu hukuuliza.

Mihogo yetu ina magonjwa makubwa mawili ya virusi, na watu wanayaweka kwenye kapu moja kana kwamba ni ndugu. Batobato ilielezwa kwa maandishi mara ya kwanza mwaka 1894, kwenye milima ya Usambara, enzi za Mjerumani. Michirizi ya kahawia, huo uliokausha mihogo yako, ilielezwa mwaka 1936, palepale Usambara, kwenye kituo cha Amani, na mtafiti Storey. Ni milima ileile, na wote wawili hubebwa na nzi weupe, lakini hapo undugu umekwisha. Vinasaba vya virusi vya batobato, yaani maandishi yao ya urithi, ni vya DNA, vimefungwa kwenye viduara viwili, kila kimoja kikiwa na herufi karibu 2,800. Vya michirizi ni RNA, uzi mmoja mrefu wa herufi kama 9,000. Ni familia tofauti kama mbuzi na samaki, na mche unaomfungia mlango mmoja unaweza kumkaribisha mwingine sebuleni.

Waganda hili limewagharimu. Miaka ya 1990 waligawiwa aina mpya zilizohimili batobato baada ya mihogo yao kufyekwa. Zilifanya kazi kweli, watu wakala. Mwaka 2004 michirizi ikaonekana Uganda, kwenye maeneo yaliyo juu ya mita 1,000 ambako vitabu vilisema ugonjwa huu haufiki, kwa kuwa ulijulikana kama ugonjwa wa Pwani na kando ya Ziwa Nyasa. Baadhi ya aina zilizosifiwa kwa batobato ndizo zilizooza vibaya zaidi.

Na hata michirizi yenyewe si kirusi kimoja. Ni viwili angalau: kimoja kinaitwa tu kirusi cha michirizi ya muhogo, kingine kinabeba jina la Uganda. Ukivilinganisha herufi kwa herufi vinafanana kwa asilimia 70 hivi. Kwa muda mrefu tulivihesabu kimoja kwa sababu muhogo uliooza ni muhogo uliooza. Sasa inajulikana kwamba hicho cha kwanza kwa kawaida ni kikali zaidi na hubadilika haraka zaidi.

Safari nyingine ukinunua, uliza: inahimili batobato, au michirizi, au vyote viwili? Na ilijaribiwa wapi? Muuzaji akijibu "yote, kokote", ondoka.

Virusi vya batobato ni vingapi hasa? (Dodoma)

Kwa hesabu ya wanasayansi, Afrika na visiwa vyake ina kama tisa. Bara la Asia lina viwili vyake, cha India na cha Sri Lanka. Cha Sri Lanka kilionekana Kambodia mwaka 2015, kisha kikasambaa Vietnam na Thailand. Kilisafirije? Soma swali la mtu wa Kigoma hapa chini.

Kwa nini mnaita "batobato ya Uganda"? Ndugu zetu Waganda ndio walioileta? (Bukoba)

Kuna pia kirusi cha Zanzibar, cha Malawi na cha Kenya. Majina haya yanaonyesha kilipotambuliwa. Hayamshitaki mtu. Lakini hicho cha Uganda kina kisa chake, na ndicho kisa ninachopenda kukisimulia kuliko vyote, kwa hiyo mnivumilie.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katikati ya Uganda, upande wa Luweero, mihogo ilianza kudumaa kwa namna ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Batobato ya zamani wakulima walikuwa wameizoea. Unavuna pungufu lakini unavuna. Hii mpya iliacha majani ya ukubwa wa ukucha na mizizi ya unene wa kidole. Wimbi likasogea mwaka hadi mwaka, likaingia magharibi mwa Kenya, likavuka likaingia kwetu Kagera.

Mwaka 1997 watafiti waliposoma vinasaba wakakuta kitu cha ajabu. Kilikuwa kirusi cha batobato ya Afrika Mashariki, lakini katikati ya jeni linalotengeneza koti lake, yaani ganda linalokifunika, palikuwa pamepachikwa kipande cha herufi kama 460 kutoka kwa kirusi kingine kabisa, kile cha batobato ya Afrika. Maana yake, siku moja virusi viwili vilikutana ndani ya mche mmoja, ndani ya seli moja, na wakati wa kujinakili kimoja kikaokota kipande cha mwenzake. Mtoto akazaliwa na koti la kuazima.

Halafu vikafanya jingine. Mche ukiwa na huyu mwenye koti la kuazima pamoja na yule wa batobato ya Afrika, ugonjwa unakuwa mkali kuliko wa kila kimoja kikiwa peke yake. Kila kimoja kina ujanja wake wa kuzima kinga ya mmea, na vikiwa pamoja mmea unabaki mikono mitupu. Hiyo ndiyo iliyoleta njaa. Ilianza kwa viwili kukutana, na kwa kawaida vinakutana pale shamba lenye hiki linapoletewa mbegu yenye kile.

Muhogo uliletwa na Mreno kutoka Brazili. Basi na virusi alivileta yeye? (Tanga mjini)

Swali zuri, na jibu wengi hawalitarajii: hapana. Amerika ya Kusini ndiko kwao muhogo na kule batobato hii haipo. Virusi vilikuwa hapa hapa, kwenye mimea yetu ya porini, vikahamia kwa mgeni. Muhogo ulikuja bila kinga kwa sababu haukuwahi kukutana navyo. Ndiyo maana pia utofauti wa virusi uko mwingi upande wetu huu: ni nyumbani kwao, vina ukoo mkubwa hapa.

Nina mti wa kisamvu mpira kwenye ua. Nimeambiwa unaleta michirizi. Nikate? (Bagamoyo)

Kirusi cha michirizi kimewahi kukutwa kwenye mti huo, kwa hiyo aliyekwambia hakubuni. Kama uko hatua chache kutoka shamba lako la mbegu, ukate. Kama uko uani na shamba liko mbali, endelea kuchuma kisamvu chako. Kitu kimoja tu niongeze. Mti huohuo ndio waliouzalisha na muhogo pale Amani kutoka miaka ya 1930 ili kupata kinga, na damu yake ipo kwenye aina nyingi bora za leo. Namikonga ya kusini kwetu, ambayo Wakenya wa Pwani wanaiita Kaleso, ni mtoto wa kazi ile. Adui wa uani ni bibi wa mbegu yako.

Shemeji yangu yuko Mtwara, ana mbegu nzuri sana ya muhogo. Nataka nipakie gunia tatu kwenye basi nije nazo. Kuna ubaya? (Kigoma)

Upo. Na kwa kuwa swali hili linakuja kila msimu, leo nalijibu lote.

Nzi mweupe ni mdudu dhaifu. Kirusi cha michirizi hakikai naye muda mrefu; akikinyonya asipopata muhogo mwingine haraka, anakipoteza. Kwa mbawa zake atakipeleka shamba la pili, labda la tatu. Kutoka Mtwara hadi Kigoma hawezi. Basi linaweza. Kila mara ugonjwa huu uliporuka mamia ya kilomita, jambo la kwanza ninalojiuliza ni nani alikuwa na gunia. Hata huko Uganda, enzi za Mwingereza, michirizi iliwahi kuonekana kwenye vipando vilivyopelekwa kutoka Amani, wakaiteketeza mapema. Waliobeba walikuwa watafiti wenyewe, watu wa maabara na daftari. Wewe na gunia lako una uhakika gani?

Utasema, shemeji yangu mihogo yake ni mizima. Kuna aina kama Kiroba ambayo majani yanaonyesha ugonjwa na mizizi inabaki nzuri. Inaishi na kirusi bila kelele. Kwake ni mbegu bora. Kwako ni mlango wa kirusi kuingia kwenye mihogo ya majirani isiyo na uvumilivu huo. Nyingine ni kinyume, majani ya kupiga picha na mizizi ya kutupa. Ukitazama shina lililokatwa kwenye gunia, lisilo na jani wala mzizi, unaona nini?

Nitasema na la kwangu. Miaka iliyopita mradi mmoja, jina naliacha, ulishusha lori la vipando kwenye kata niliyokuwa nafanyia kazi. Mimi nilishika daftari la wapokeaji. Nikachukua kipando kimoja kujipunga joto tu, nikaona kwenye gome la kijani mchirizi wa kahawia, urefu wa kidole gumba, umekaa kama alama ya moto. Nikachomoa kingine, kikawa nao. Nikamwonyesha dereva, akaniambia kazi yake ni kushusha. Nikamwonyesha aliyekuja na lori. Akaniambia mbegu ina karatasi, na gari lazima lirudi leo. Watu walikuwa wameshapanga foleni tangu alfajiri, akina mama wana kanga za kufungia. Nikasainisha. Kaya zaidi ya mia moja. Mwaka uliofuata niliona mihogo ile ikichimbwa na sikuwa na la kumwambia mtu.

Kwa hiyo mwache shemeji na mbegu yake. Tafuta mzalishaji aliye karibu nawe anayekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, au waulize watu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanapendekeza aina gani kwa kanda yako. Utalipa. Najua mbegu ya muhogo tumezoea kupewa bure, na mtu akitaja bei tunacheka. Cheka, halafu lipa.

Nilipiga picha jani kwa ile programu ya simu, Nuru, ikasema jani zima. Maabara nayo ikasema hakuna kirusi. Mizizi imeoza. Nani mwongo? (Geita)

Hakuna mwongo. Nuru inatazama jani, na inatazama vizuri. Inatambua dalili. Kirusi chenyewe haikioni, wala haikuahidi kukiona. Aina yako ikiwa ya zile zinazoficha, itaficha hata kwa simu ya bei mbaya.

Maabara ni jambo jingine. Kipimo cha vinasaba kinafanya kazi kwa kunasa kipande cha herufi kinachojulikana. Kirusi kikibadilisha herufi pale pale kwenye mtego, kinapita. Vipimo vya zamani vya kunasa koti navyo vilidanganyika: kirusi cha Uganda kilipopimwa kwa koti kilisomeka kuwa batobato ya Afrika, maana koti ni lake kweli, la kuazima. Ndiyo sababu watu wa vipimo hawaachi kusoma vinasaba upya. Na kuna la tatu, ambalo ndilo nadhani limekupata: ulipeleka jani la juu kabisa, changa, la kupendeza. Michirizi hutafutwa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, pale njano inapofuata mishipa. Rudi na la chini.

Mimi ni mkulima wa mpunga. Mbegu nilinunua ya uhakika, bado kimyanga imeingia jaruba zima. Mbegu ilikuwa mbovu? (Ifakara)

Kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani ya mpunga kuwa njano, haiji na mbegu. Inakuja na mende wadogo wanaokula majani, na panya, na ng'ombe waliolishwa kwenye maotea, na mundu, na mikono yako wakati wa kung'oa miche kitaluni. Mche mmoja mgonjwa ukifungwa kwenye mganda, mganda wote umeguswa. Ng'oa maotea kabla ya kusia, hamisha kitalu.

Lakini kwa kuwa unaandika kutoka Ifakara nikueleze unaishi wapi. Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1966 karibu na Kisumu. Kwa muda watu wakadhani ni cha Ziwa. Vinasaba viliposomwa kutoka Pwani ya Afrika Mashariki hadi Afrika Magharibi, ilionekana kwamba mchanganyiko mkubwa kuliko wote uko mashariki mwa Tanzania, na kadiri unavyokwenda magharibi unapungua. Yaani kilianzia upande wenu kikatembea kuelekea kule kwa muda wa kama miaka 200. Mpunga wa Gigante, wenye asili ya Msumbiji, una jeni linalokizuia, na wazalishaji wa mbegu wanalitumia sana. Tayari wamepatikana virusi vinavyolivunja. Kwa hiyo mtu akija na mpunga usioshikwa na kimyanga, aliojaribu mbali huko, mwambie aujaribu kwanza Kilombero. Ukipita Kilombero, umepita.

Sisi Bomet tulipigwa na MLN, ule ugonjwa wa mahindi, mwaka 2011. Hicho nacho kina aina nyingi? (Kenya)

Poleni, nyinyi ndio mliotangulia. Sisi tulikiona mwaka uliofuata. MLN ni virusi viwili vikikutana kwenye hindi moja. Kimoja, kile cha familia ya batobato ya miwa, kiko hapa siku nyingi na kina sura nyingi. Kingine, chenye kuleta mabaka mepesi, kinakaribiana mno: ukichukua cha Kenya, cha Rwanda na cha Ethiopia utasema ni nakala za karatasi moja. Kitu kinachofanana hivyo kimeingia juzi, na kimeingia mara chache. Ndugu zake wa karibu wako China. Hapo ndipo usomaji wa vinasaba unapofanya kazi ya polisi.

Nyanya zangu zina rasta, majani yamejikunja. Ni kirusi gani? (Arusha)

Kipo hata chenye jina la mkoa wako, na cha Tanzania, na cha Uganda, na vingine. Nzi weupe ni walewale. Linda kitalu kwa chandarua. Ukingoja hadi mche uko shambani umechelewa.

Mtu akila kisamvu chenye batobato anaweza kuugua? (Lindi)

Hapana. Twanga, tia nazi, kula.

Serikali na wafadhili wanatumia fedha kusoma herufi za virusi miaka yote hii. Kwa nini wasitupe dawa? Mimi naona ni ulaji tu. (Morogoro)

Ulaji upo, sikatai, nimeketi kwenye semina za chai mara tatu kwa siku nikitafuta mkulima ukumbini nisimwone. Lakini kusoma herufi si ulaji. Virusi vya RNA vinajinakili bila kusahihisha makosa, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni huku kengele inalia. Hivi vya DNA vya batobato navyo havibaki nyuma sana. Kila mche mgonjwa una umati wa virusi vinavyotofautiana kidogo kidogo. Ukitoa mbegu mpya bila kujua umati huo una nani, unapanda kama kipofu. Mingi ya mihogo yetu inayohimili batobato inategemea jeni moja kubwa. Jeni moja! Siku kitakapotokea kirusi kinacholipita, nani atatuambia mapema? Ni huyo anayesoma herufi.

Na siku hizi haihitaji jengo la ghorofa. Kuna mashine inayoshikwa kiganjani, na watafiti wa kwetu, wa kituo cha Mikocheni, na wenzao wa Kenya na Uganda wamewahi kuipeleka shambani, wakasoma vinasaba vya kirusi chini ya mti na kumpa mkulima majibu kabla ya siku mbili. Lalamika basi kwamba mashine ile haijafika wilayani kwako. Hapo tutalalamika pamoja.

Nimeona mche mmoja tu una dalili katikati ya shamba. Ninyofoe majani mabaya au niung'oe? Una miezi saba. (Unguja)

Ung'oe. Ukichimba, pasua mihogo, sehemu za kahawia tupa, iliyobaki nyeupe chemsha leo. Shina lichome. Jirani akija jioni kuomba mbegu, mwambie imeisha.